Siku Arobaini za Mzee Halvorsen

Jumanne ya pili ya Januari, saa nne asubuhi, Bibi Stamena alikuwa anakwangua barafu kwenye ngazi za jengo namba kumi na nne, kikopo cha gundi ya unga kikipoa kando yake. Mumewe alikuwa ametimiza miezi sita kaburini, na siku hiyo alitakiwa kubandikiwa karatasi mpya mlangoni. Hapa mjini kwetu Kamenovets msiba hautangazwi kwa njia nyingine: nusu karatasi, picha ya marehemu, jina, tarehe, na mstari mweusi kuzunguka pande zote. Ikishabandikwa, haibanduliwi na mtu. Huondolewa na mvua na jua.

Alipoinua macho akakuta mlangoni kuna karatasi nyingine imetangulia, ya yule kijana wa dini.

"Kumbe amekufa," alisema, akaibandika ya mumewe pembeni, akahakikisha zimelingana.

Halvorsen alikuwa na miaka kumi na tisa. Kanisa lake la Marekani huwapa vijana linaowatuma cheo cha Mzee, na beji yake ilisema hivyo hivyo, jambo lililotuudhi hata kabla hajafungua kinywa. Alitembea na mwenzake, Oldham, kwa kuwa sheria yao iliwakataza kutengana. Tangu Oktoba walikuwa wamegonga kila mlango mjini na hakuna aliyewafungulia. Tuna kanisa letu, na hata wale wasiokanyaga humo wanajua kuwa ni letu. Stamena aliwamwagia maji ya kudekia. Mwezi Desemba, Krastyo, mwalimu wa mieleka, alimsukuma Halvorsen ngazini akamvunja mbavu mbili, na polisi alipoitwa aliuliza kijana mwenyewe alikuwa anatafuta nini huko ngazini.

Ndipo Halvorsen akapata wazo. Alikuwa ameona mji mzima umejaa karatasi zenye sura za watu, akadhani ndivyo tunavyoalikana mikutanoni. Watu wakiuzoea uso wake, alijiambia, wataacha kumwogopa. Akampelekea picha yake Metodi, mwenye mashine ya fotokopi, pamoja na jina, tarehe aliyofika mjini na maneno ya kuwakaribisha wote. Metodi huchapa misiba kutwa nzima. Aliipanga kama anavyopanga zote, akatia mstari mweusi, na Halvorsen akaona imependeza. Jumatatu alibandika themanini.

Kufikia Jumanne adhuhuri alikuwa marehemu. Pumzi yake iliacha kutoa mvuke kwenye baridi. Theluji ilimwangukia mabegani ikakaa bila kuyeyuka, na viatu vyake havikuacha alama. Oldham aligeuka njiani akaona nyayo za mtu mmoja tu. Katika ripoti ya wiki aliandika kwamba mwenzake anaonekana kuchoka, na ofisi yao ya mji mkuu ikajibu kwamba waongeze idadi ya milango.

Milango nayo ikafunguka. Kwetu, marehemu huzungukia kwa siku arobaini nyumba alizozijua, na ni dhambi kumwacha nje. Halvorsen alizijua zote. Wakamwingiza, wakamketisha karibu na jiko, wakampakulia ngano ya kuchemsha yenye sukari, chakula chetu cha msiba. Oldham alibaki kwenye korido akipuliza vidole vyake. Mjane mmoja alimtuma Halvorsen akamuulize marehemu mumewe ufunguo wa ghala aliuweka wapi. Krastyo mwenyewe alikuja, kofia mkononi, akasema mbele ya watu kwamba kijana alikuwa mpole na hakuwahi kumkosea mtu. Hilo lilikuwa kweli, na Desemba pia alilijua.

Metodi ndiye aliyemweleza mambo yalivyo. Siku ya arobaini marehemu huondoka moja kwa moja. Ila mtu wa mji akibandua karatasi yake hata moja kabla ya hapo, msiba unavunjika na yeye anarudi kuwa mzima. Halvorsen alimwomba abandue yeye. Metodi akasema ana kazi nyingi.

Halvorsen alijaribu mwenyewe, vidole vikateleza. Oldham alibandua kumi na moja kwa kisu, lakini Oldham si mtu wa mji. Isitoshe Stamena akabandika nyingine kumi na moja, kwa sababu hakuweza kuvumilia mgeni amvunjie heshima marehemu wetu.

Siku ya thelathini na nane Halvorsen alikaa jikoni kwa Stamena.

"Bibi, mimi ni mzima," alisema. "Mama yangu ananingoja. Bandua moja tu."

Stamena alimsogezea bakuli la supu ya maharage. Hakuwa mtu wa kumdanganya marehemu.

"Najua, mwanangu. Metodi aliniambia siku ya pili."

"Basi bandua."

"Nikibandua utakuwa yule wa Oktoba. Nitakufungia mlango, na Krastyo atakumalizia mbavu zilizobaki. Hivi ulivyo nakupenda. Kula, inapoa."

Halvorsen alilia. Machozi yaliganda kabla ya kufika kidevuni, ingawa jiko lilikuwa linawaka, na Stamena akayabandua moja moja kwa pindo la aproni. Alimhurumia kwa moyo wote. Kisha akaenda kuloweka ngano ya Jumamosi.

Jumamosi ilikuwa siku ya arobaini. Meza zilipangwa kuanzia mlango wa jengo mpaka chini ya ngazi. Padri, ambaye kabla ya Krismasi alisema madhabahuni kwamba kijana huyo ni shetani, alimwimbia sala nzima bila kuruka mstari. Halvorsen akasimama, akashukuru kwa chakula, akauliza kama kuna yeyote ambaye mkono wake uko huru. Watu themanini walitazama sahani zao. Akafunga vifungo vya koti, akashika barabara ya makaburini. Mwanzoni theluji ilimtulia mabegani. Baadaye ikaanza kupita ndani yake, na alipofika darajani palikuwa na theluji peke yake.

Jumatatu kijana mwingine aliletwa kwa basi, maana sheria inataka wawe wawili. Oldham alimpeleka jengo namba kumi na nne, akagonga kwa Stamena. Alitaka chochote alichoacha mwenzake, hata kitambaa cha mkono, ampelekee mama yake.

Stamena alifungua kwa upana wa mnyororo. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kulia.

"Mwenzako alikuwa mtu," alisema. "Huyo tulimpenda. Ungekuwa kama yeye, ningekufungulia."

Akafunga. Kijana mpya, ambaye bado hakujua lugha yetu, alisema bibi huyu anaonekana ana huruma. Oldham akasema ndiyo, anayo, wakapanda ghorofa ya tatu.