Foleni ya Kibali

Dobi alifika kwenye darasa la Kiingereza la kanisa saa tatu asubuhi, sweta la mgeni wa hoteli likiwa kwenye mfuko wa plastiki, akakuta kufuli jipya limefungwa juu ya kufuli la zamani. Wenzake kumi na moja wamesimama mlangoni. Mwalimu wao naye kasimama, kitabu kwapani, kama mgeni aliyekuta wenyeji wamehama.

Mwalimu alikuwa mmisionari, mwanamke mfupi wa makamo. Walimwita Mama Pole, maana hilo ndilo neno la kwanza alilojifunza na hakulifanyia ubahili. Ukijikwaa, pole. Ukioa, pole. Mumewe, ambaye kwa urefu wake waliishia kumwita Ngazi, alipanga mechi za vijana Jumamosi na kuchemsha chai ya baada ya somo. Kanisani hawakumlazimisha mtu. Kabla ya Kiingereza palikuwa na sala, lakini fupi, kwa sababu Mama Pole alishajua watu wana zamu.

"Ofisi ya mtaa imefunga," Ngazi alisema. "Wanataka kibali cha mkusanyiko."

"Mtendaji wa mtaa chai yetu kanywa miezi sita, leo ndiyo kagundua tunakusanyika?" mwanafunzi mmoja, fundi baiskeli, akauliza.

"Na vikombe viwili viwili," akadakia mwingine.

Dobi hakucheka. Kesho yake, saa mbili asubuhi, msimamizi wa chumba cha kufulia hotelini angewawekea wafuaji wake nguo kumi mezani, na kila mmoja asome lebo zake za Kiingereza. Anayekosea anaondoka. Mtihani wenyewe yeye ndiye aliyeuleta: sweta lile lilikuwa la sufu, yeye kalitia mashine ya maji ya moto, likaingia la mwanamume wa kilo tisini na kutoka la mwanasesere. Tangu hapo Mama Pole aliweka kando hadithi za kitabuni, akawaambia kila mtu alete nguo yenye lebo. Somo la leo ndilo lilikuwa la mwisho.

"Twendeni huko huko ofisini," Dobi akasema.

Ofisi ilikuwa na dirisha moja lenye nondo. Nyuma yake alikaa Mtendaji, kavaa koti la suti ambalo mikono yake iliishia karibu na viwiko.

"Shikamoo bosi," Dobi akasema. "Tumefuata kibali cha darasa."

"Kibali hakitolewi kwa kundi. Kila mwanafunzi ajaze fomu yake, mmoja mmoja, kwa foleni."

"Haya, tupe fomu."

"Fomu zimekwisha. Zinachapishwa."

"Zinakuja saa ngapi?"

"Dada, mimi ndiye mashine?"

"Sasa tufanyeje?"

"Pangeni foleni, msubiri. Lakini nisione mkusanyiko hapa."

Wakapanga foleni. Kumi na wawili, mmoja nyuma ya mwenzake, wameshika ukuta kwa sababu jua lilishaanza kuuma. Robo saa ikapita. Dobi akamtazama Mama Pole, kisha akatoa sweta mfukoni.

"Mwalimu, foleni inaruhusiwa."

Mama Pole alifikiri kidogo. Akafumba macho, akasali sala fupi kuliko zote alizowahi kusali, akaanza kutembea kando ya mstari kutoka mtu hadi mtu, akigeuza kola na kuonyesha lebo. Mtu akisoma, wote wanarudia. Fundi baiskeli alisoma ya shati lake kwa sauti ya mnadani, mpaka mama mmoja aliyekuwa akipita akauliza kinauzwa nini, akaambiwa, akaingia nyuma ya foleni. Baadaye wakaingia wengine wawili.

Mtendaji akatoka nje.

"Nini hiki?"

"Foleni, bosi," fundi akajibu. "Nyoofu kabisa. Pima na kamba ukitaka."

"Na huyu anayefundisha?"

"Anatuchangamsha tusisinzie. Fomu zinachelewa."

Mtendaji akapita akiwahesabu, akitafuta aliyetoka nje ya mstari. Hakumpata. Alipofika kwa Dobi, lebo ya koti lake ilikuwa imechomoza nje ya kola. Dobi akasogea, akaisoma kwa Kiingereza, polepole, neno kwa neno bila kuruka hata moja. Mama Pole akaziba mdomo kwa mkono.

"Unasemaje?" Mtendaji akauliza.

"Linasema lisifuliwe kwa maji, kaka yangu. Lipelekwe kwa dobi wa dawa." Akaishusha sauti. "Wewe umelifua kwa maji."

Mtendaji akaitazama mikono ya koti lake. Foleni nzima ikaitazama pamoja naye. Kwa muda alionekana kama mtu aliyetaka kuuliza kama linarudi ukubwa wake, kisha akakumbuka yeye ni nani. Akaingia ndani, akabandika karatasi dirishani: LEO HAKUNA HUDUMA. Saa ya ukutani ilikuwa inaelekea saa tano.

"Tawanyikeni! Dirisha limefungwa!" akapaza sauti kutoka ndani.

"Tumeona, bosi," Dobi akasema. "Tunawahi foleni ya kesho."

Hakuna aliyeondoka. Dobi alikuwa na saa tatu kabla ya zamu yake ya mchana. Mama Pole alimfuta jasho usoni kwa kitambaa chake, akasema pole, na safari hii neno lilikuwa mahali pake. Kisha akamgeukia yule mama aliyedhani kuna mnada, akamwomba kwa ishara ageuze kola.