Futi Kumi za Heshima

Usiku wa kuamkia leo niliota tuko kambini, kwenye hifadhi moja ya jimbo la Minnesota, mchana kweupe, na gari letu linapimwa na tepu ya fundi iliyovaa kofia ya askari wa hifadhi.

Gari lenyewe ni nyumba ya magurudumu: vitanda, jiko, choo, futi arobaini kamili. Nililikodi kwa sababu ya mama mkwe. Amekuja kututembelea kutoka Nyamira, na kwetu mwanamume halali chumba kimoja na mama wa mke wake, hamshiki mkono, hata kumtazama usoni ni utovu wa adabu. Basi mimi mwenye akili nyingi nikachukua gari refu kuliko yote, yeye alale nyuma kabisa, mimi nilale mbele karibu na usukani, heshima ijae katikati. Kambi inaruhusu futi thelathini. Kwenye fomu nikaandika thelathini. Nani atapima gari porini?

"Uliandika thelathini," inasema tepu.

"Labda limevimba njiani. Joto la huku, we acha tu."

"Magari ya wenzako hayavimbi."

Naipa hindi la kuchoma. Inalila lote, inajipangusa mdomo, halafu inaendelea na kazi palepale.

"Futi kumi zimezidi. Zitakatwa saa tano kamili."

Msumeno umeshaketi kwenye meza yetu ya nje, unakunywa chai yangu.

"Futi zipi?" nauliza.

"Za nyuma."

Nyuma ndiko aliko mama mkwe. Amejipumzisha, goti lake limepakwa ile dawa ya kuchua inayonuka mpaka barabara kuu. Mke wangu Bosibori ananikazia macho.

"Baba Kerubo, mama yangu anakatwa?"

"Si mzima. Futi kumi tu."

"Nenda kamwamshe!"

"Mimi? Niingie chumbani kwa mkwe? Bora akatwe kwa heshima."

Hapo Bosibori anaanza kulia, nami roho inaniuma kwelikweli. Mama huyu alinipa binti yake nikiwa sina mbele wala nyuma, na hakuwahi kunisimanga hata siku moja.

Naelekea nyuma. Kwa kawaida ni hatua kumi na tatu. Leo napita jiko, napita choo, napita shamba la majani chai, natokea soko la Nyamira, na akina mama wauza ndizi wananipigia kelele: "We! Unaenda kwa mkweo mikono mitupu?" Aibu iliyoje. Nanunua mkate na sukari, nasonga mbele. Nikifika mlangoni nageuka, naupa mlango kisogo, nabisha kwa kisigino.

"Hodi, mama."

"Nani?"

"Mimi, mkweo. Nilidanganya kwenye fomu."

"Ulidanganya nini?"

"Futi kumi."

"Za nini hizo?"

"Za kukukwepa, mama."

Hata msumeno umeacha kunywa chai.

"Miaka tisa," anasema, "nakujua kwa kukohoa tu nyuma ya ukuta. Nimepanda ndege siku mbili, magoti yamevimba, unakuja kunilaza mwisho wa basi. Hiyo ndiyo heshima?"

Machozi yananitoka, mkate wa watu unalowa.

"Lete hiyo tepu," anasema.

Mlango unafunguka. Yeye anashika ncha ya tepu, mimi nashika kasha lake. "Achia," ananiamuru. Naachia. Tepu inalalamika kwamba hili halimo katika kanuni, lakini inajikunja kwa kasi, na gari linajikunja nayo. Kabati linaenda, friji inaenda, kochi linaenda, mpaka mkono wangu unagonga mkono wake. Anaushika. Hauachii.

"Thelathini," inasema tepu kwa uchungu, na kuandika. Msumeno unaaga na kuondoka na kikombe changu.

Nikaamka. Kumekucha, niko kitandani pangu karibu na usukani. Kochi lipo, friji ipo. Nikajicheka, mtu mzima naota upuuzi namna hii. Nikajipangusa uso, na harufu ya kiganja ikanipiga puani: dawa ya kuchua.

Kule nyuma mama mkwe alikuwa akizungumza na binti yake.

"Mwambie mumeo avae glavu. Mkono wake una baridi kama chura."

"Mama! Mkono wake umeujulia wapi?"

Nikavaa shati, nikaenda nyuma kumwamkia kwa mkono.