Ng'ombe Wafupi wa Namnyaki

Mwaka ule reli ilipofika Moshi, ng'ombe wa baba yangu walianza kufa. Mimi nilikuwa nimeolewa miezi saba tu, na nilikuwa na mimba.

Baba aliitwa Sironka. Kwetu kulikuwa juu, Olmotonyi, kwenye ubaridi, na ng'ombe wetu walikuwa wakubwa, wenye pembe ndefu na viwele vilivyojaa. Niliolewa chini, upande wa Kisongo, kwenye joto na nyasi zinazofika magotini. Wiki tatu baada ya harusi mume wangu Lengai alichukuliwa kwenda kubeba mataruma ya reli. Nikabaki na mama yake, Namnyaki, mjane asiyependa maneno mengi.

Ng'ombe wa mama mkwe walinitia aibu. Walikuwa wafupi, ngozi imewabana, na ukimkamua mmoja unapata kikombe na nusu. Dada zangu walipokuja kunitembelea niliwakalisha nyuma ya nyumba ili wasilione zizi.

Kisha Wajerumani wakasimika mawe ya mipaka Olmotonyi. Malisho yetu yakawa shamba la mzungu, na watu wakaambiwa waondoe mifugo yao kabla ya mvua. Hawakuwa na pa kwenda ila kushuka Kisongo. Baba alishuka na ng'ombe sitini na wawili, akajenga boma karibu kiasi cha kusikia mbwa wetu wakibweka. Nilifurahi. Nilidhani nimepata kwetu mara ya pili.

Siku ya kumi na tano ng'ombe mmoja wa baba aligoma kula. Nilikwenda kumtazama. Tezi zilikuwa zimevimba chini ya masikio, kubwa kama ngumi ya mtoto. Macho yalikuwa yakitoka machozi, pumzi fupi fupi. Kwenye ngozi ya sikio kupe walikuwa wamejipanga kama mbegu za ulezi. Kesho yake povu jeupe lilimtoka puani, akaanguka. Siku hiyo walikuwa wameugua wengine sita.

Baba alichoma tezi zao kwa chuma cha moto. Walilia, na bado walikufa. Sijawahi kusahau sauti ile ya kuvuta pumzi ndani ya maji. Ilianza asubuhi, ikaendelea mchana kutwa, na upepo ulipovuma kutoka upande wa baba niliisikia hadi jikoni. Mama yangu, Resiato, aliacha kuchuna ngozi. Walikuwa wengi mno.

Lakini ng'ombe wa Namnyaki walikula nyasi zile zile, wakanywa maji yale yale, na hakuna aliyeugua.

Hapo ndipo watu walipoanza kuepuka njia inayopita mlangoni petu. Mwanamke niliyekuwa nachota naye maji aliniona mtoni, akageuka na kibuyu kitupu. Nami nikaanza kumwogopa mama mkwe. Kila asubuhi aliingia zizini peke yake, akashika kichwa cha kila ndama, akapapasa chini ya masikio huku midomo ikimchezacheza. Anasema nini? Siku moja aligeuka ghafla, akaniona nikichungulia.

"Simaloi, unaogopa nini?"

"Sijambo, Yeyo," nilisema, nikimwita mama kwa Kimasai, jibu lisilo la swali lake. Kuanzia siku hiyo nilimwaga uji alionipikia, nikala viazi nilivyochoma mwenyewe. Nilikuwa na mtoto tumboni.

Mwezi ulipokwisha, baba alikuwa amebakiwa na ng'ombe wanne.

Walikuja mchana, wanaume wapatao thelathini, wengine na rungu, wengine na sime kiunoni. Mbele alitembea Mzee Lemburis, laigwanani wao, ambaye neno lake ndilo la mwisho katika shauri lolote. Niliinamisha kichwa anisalimie kwa kuniwekea mkono. Hakuuweka. Nilijua nyumba ya mchawi huchomwa na kila kilichomo, na mimi nilikuwa wa nyumba ile.

Baba hakunitazama.

"Mkwe mwenzangu," alimwambia Namnyaki, "nimekupa binti yangu. Wewe umenipa nini?"

"Sijakupa chochote, na sijachukua chako chochote."

"Wangu wamekufa hamsini na wanane. Wako wamekufa wangapi?"

"Njooni muwahesabu," alisema Namnyaki.

Alitangulia bila kungoja ruhusa. Tulimfuata hadi kwenye korongo nyuma ya malisho, mahali ambapo nilikuwa nimekatazwa kwenda kuokota kuni. Nilijua sasa tutaona vitu vyake. Nilishika tumbo langu kwa mikono miwili.

Korongo lilijaa mifupa. Mafuvu madogo, makumi kwa makumi, mengine meupe kwa jua, mengine yameota ukungu, na mengi hayakuwa hata na pembe.

"Ndama," alisema Mzee Lemburis.

"Ndama wangu, wa miaka ishirini," Namnyaki alijibu. "Tauni ya ng'ombe, ile sotoka, ilipopita iliniachia mitamba watatu kati ya arobaini. Mume wangu alikuwa amekufa, na wenye nguvu walikuwa wameshika malisho ya juu. Mimi nikaachiwa huku kwenye kupe. Mwaka wa kwanza waliozaliwa wote walikufa. Mwaka wa pili alibaki mmoja. Nilikuwa na ndama wazuri, Mzee, wenye miili kama ya ng'ombe wa Sironka. Hao walikufa kwanza. Wakabaki hawa wabaya, wakakua, wakazaa, na watoto wao wakafanana nao. Kati ya hao tena wengine walikufa. Kila uzao walikufa wachache kuliko uzao uliotangulia."

"Kwa dawa gani?" mtu mmoja aliuliza.

"Ningekuwa na dawa, korongo hili lingejaa? Sikuchagua mimi nani aishi. Kupe ndio waliochagua. Ng'ombe wa juu hawajawahi kuchaguliwa hivyo, kwa sababu huko juu kupe ni wachache. Mzungu amewashusha wote siku moja. Yaliyonipata mimi kwa miaka ishirini, ninyi yamewapata kwa mwezi mmoja."

"Maneno," alisema mtu aliyekuwa nyuma, na wengine wakaguna. Nilimwona mmoja akichomoa sime taratibu, kama mtu anayejikuna kiunoni.

Wakati huo huo nikawakumbuka wale wanne wa baba. Niliwajua. Nilikuwa nimewakamua tangu utoto. Mwanamke hasemi katikati ya wanaume wenye silaha, tena mbele ya baba yake. Lakini ile sime ilikuwa imekwisha kutoka nusu.

"Baba, wale wanne waliobaki ni watoto wa nani?"

"Nyamaza!"

"Mwache aseme," alisema Mzee Lemburis.

"Ni watoto wa yule ng'ombe mweusi, baba, yule mwenye pembe moja uliyempata huku Kisongo. Wawili amewazaa yeye, na wawili ni wajukuu wake. Ulisema ukoo ule hauna maziwa. Yeyo huyu hajawahi kuwagusa. Kama anaroga, kwa nini alichagua kuacha ukoo mmoja tu, tena ule usioupenda?"

Baba alikunja vidole vya mkono mmoja, kimoja kimoja, akihesabu mama na watoto, akarudia tena. Halafu akaketi chini pale pale kando ya mafuvu, kama mtu aliyekatwa miguu.

"Ni kweli," alisema. "Ni wa yule mweusi."

Mzee Lemburis alishuka korongoni, akaokota fuvu moja lililo bado na ngozi, akalitazama kwa muda mrefu. Alipopanda alisema watu waende nyumbani. Walikwenda, lakini si wote walioridhika. Watatu walihamisha familia zao wiki ile ile, na mwenye sime alitema mate kwenye kizingiti chetu alipopita.

Baba hakuomba radhi. Siku chache baadaye aliwaleta wale wanne akasema wapandwe na dume la Namnyaki, lile fupi. Jioni ile nilikunywa uji wa mama mkwe, naye akanitazama nikinywa. Nadhani alikuwa akijua siku zote kwamba nilikuwa naumwaga.

Mvua za mwaka uliofuata walizaliwa ndama tisa katika maboma yote mawili. Wawili walivimba tezi wakafa, saba wakasimama. Mwanangu alikuwa amekwisha kuzaliwa, na nilikaa na Namnyaki zizini nikiwatazama wale saba wakinyonya. Nikamuuliza kama sasa tunaweza kuacha kuogopa.

"Hawa wanajua kupe tu," alisema. "Sotoka ilipokuja iliwafyeka warefu na wafupi bila kuuliza. Ukija ugonjwa mwingine, utakuwa na uchaguzi wake, na hakuna ajuaye utamtaka nani."

Wiki ile mpita njia kutoka Sokon alisema huko kuna ng'ombe wanaokohoa, na si ndigana, ugonjwa huu wetu wa kupe. Tulifunga lango la zizi kwa miiba kukiwa bado na jua. Kisha tukasimama, yeye upande mmoja na mimi upande mwingine, mtoto mgongoni, tukisikiliza pumzi za wanyama wetu mmoja baada ya mwingine.