Pampu Isiyoharibika

Pampu ya bahari ilikuwa imekaa miezi saba bila kuharibika, na hilo ndilo lililokuwa likimtesa Thoya.

Kwa miaka kumi na minane alikuwa fundi wa kampuni ile ya chumvi, nje kidogo ya Gongoni. Pampu ndiyo iliyovuta maji ya bahari na kuyamwaga majarubani, yakauke yaache chumvi. Ikisimama, kazi yote imesimama. Na zamani ilisimama kila mwezi. Hapo meneja, Bwana Thuku, alimtumia Thoya gari hadi mlangoni, hata awe msibani. Thoya alishuka taratibu, akavua shati, akaomba chai kwanza. Watu wazima walimzunguka kama daktari anayepasua mtu tumbo. Injini ikinguruma tena, wanawake wa majarubani walimpigia vigelegele.

Mwishoni mwa mwaka wa 1983 akaja Ochola, Mjaluo wa miaka ishirini na saba aliyesomea mitambo Mombasa. Hakuja na ujuzi wa ajabu, na hapo ndipo palipouma. Alikuja na bomba la grisi na kadi. Kila Jumatatu na Alhamisi alitia grisi kwenye beringi mbili za pampu, akakaza nati, akashika kwa kiganja asikie joto, kisha akatia sahihi kwenye kadi iliyoning'inia ukutani. Dakika ishirini, basi. Pampu ikasahau kuugua.

Thoya aliita kazi hiyo upuuzi, lakini kila Jumatatu alisimama dirishani pa karakana akimtazama mwenzake akipaka mafuta, na kifua kikimwaka. Siku moja alimwona Thuku akimpigapiga Ochola begani kwa kumpongeza.

Wanawake nao hawakumwacha. "Fundi Thoya!" Kabibi, mkwangua chumvi, alimwita mbele za watu. "Tukuletee sufuria zetu uzibe matundu? Mikono yako siku hizi laini kama ya bi arusi!"

Wenzake walicheka hadi wakashikana mabega. Thoya alicheka nao, akaenda karakana akarusha spana ukutani.

Thuku alipoona pampu haisumbui, alimwondoa Tsuma, mzee aliyekuwa akikaa kando ya pampu kutwa akiisikiliza, akampeleka stoo kushona magunia. "Ya nini mtu kusikiliza mashine nzima?" alisema. Halafu mwezi wa tano akatangaza kwamba karakana itapata msimamizi. Hakutaja jina. Hakukuwa na haja.

Wiki ile ile Ochola alimfuata Thoya karakana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mke wangu Adhiambo amejifungua. Nimepewa wiki mbili niende nyumbani. Kadi nakuachia wewe. Mwingine simwamini."

"Mwana gani?"

"Wa kike."

"Hongera. Nenda zako. Pampu hii nilikuwa naishika wewe ukingali na meno ya utotoni."

Ochola alicheka kwa moyo safi. Angecheka kwa dharau, Thoya angepata nafuu.

Jumatatu Thoya alifungua vifuniko vya beringi, akafuta grisi yote kwa kitambaa, akafunga. Akatia sahihi. Alhamisi akatia sahihi. Jumatatu ya pili, sahihi tena. Hakutaka kuiua pampu. Aliijua: beringi ikikauka hupiga mluzi kwanza, nusu saa nzima, kabla haijashika moto. Watu watakuja mbio kumwita, yeye atakwenda, ataizima kwa wakati, na Thuku ataona kampuni hii imo mikononi mwa nani.

Mluzi ulianza Jumanne saa tisa alasiri, siku ya bamvua, bahari imejaa na pampu inavuta kwa nguvu zote. Karakana iko hatua mia tatu kutoka pale. Thoya aliusikia na moyo ukamruka kwa furaha. Alivaa shati vizuri, akakaa kwenye stuli akielekea njiani, akangoja kuitwa.

Hakuja mtu. Wanawake walikuwa kwenye majaruba ya mbali, Tsuma yuko stoo, Thuku ofisini na mlango umefungwa.

Mluzi ukawa kilio. "Sasa wanakuja," Thoya alijiambia. Aliinuka. Akakaa tena. Akienda bila kuitwa, atakuwa nani? Mtu wa bomba la grisi tu, kama yule. Alikunywa chai iliyokwisha kupoa, macho njiani.

Kilio kikawa mngurumo, ukaja mshindo mmoja, na baada yake kimya.

Ndipo alipokimbia. Shafti ilikuwa imekatika vipande viwili na kupasua kasha la pampu. Thuku alifika akihema.

"Thoya, itengeneze."

"Haitengenezeki, bwana."

"Hukuisikia?"

Thuku alisoma kadi, sahihi tatu, kisha akatia kidole ndani ya beringi iliyovunjika. Kilitoka kikavu, na vumbi la chuma.

Ilivunjika shafti moja, beringi mbili na kasha. Vipuri vilichukua siku kumi na tisa kufika kutoka Mombasa. Bamvua ile ilipotea, na ya pili yake ikapotea. Majaruba thelathini na mawili yalikauka matupu. Magunia elfu moja na mia nne hayakujazwa. Vibarua sitini na wawili walirudishwa nyumbani, Kabibi akiwa mmoja wao. Ochola aliitwa kwa telegramu, akapoteza siku tano za kumpakata mwanawe. Thoya alipoteza miaka kumi na minane, kwa barua ya mistari minne.