Kizee Mla Vyura

Siku Kinanda alipoleta filamu yake mpya, bibi alikuwa ameketi kwenye kiti cha pembeni sebuleni kwa binti yake, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Filamu hakuzipenda. Lakini hii aliambiwa ni ngano ya watu wote wa nyumbani, ina mfalme na msitu na farasi mwenye mabawa, hamna kubusiana wala kuchinjana. Tena aliyeitia sauti ni mtoto wa kaka yake mwenyewe. Angekataaje?

Kinanda walimwita hivyo tangu udogo wake, kwa vile koo lake lilitoa sauti yoyote uliyoitaka: ya mzee, ya kichanga, ya mbuzi, ya bawaba yenye kutu. Na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alichukua filamu za nchi za mbali, akazima maneno yake, akabakiza muziki, kisha akakaa mbele ya maiki na kuwasemea wote peke yake kwa Kiswahili, kuanzia mfalme mpaka farasi. Lugha ya filamu zenyewe hakujua hata salamu yake. Aliangalia midomo na macho, akabuni. Watu walimpenda kwa hilo.

Binti wa bibi akafunga mapazia. Mkwe akajinyoosha kwenye zulia, bakuli la karanga juu ya tumbo. Mjukuu, mtoto wa miaka sita waliyemwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo, akausukuma mkoba wa bibi na kukaa yeye mahali pake.

"Bibi, farasi anaruka!"

"Namwona."

"Bibi, yule waziri ni mbaya?"

"Ana macho ya kuibia. Ngoja tuone."

Nusu saa nzima mambo yalikuwa shwari. Waziri aliwageuza wana watatu wa mfalme kuwa vyura, akawatupa msituni. Hapo ndipo kizee alipotokea. Nywele zake zilikuwa kama ufagio wa chooni, pua imejaa vinundu, kamasi limening'inia wala halidondoki. Aliinama kwenye tope, akaibuka na chura mnene, anayeteleza, miguu inapiga teke hewani. Akamwinua mpaka usawa wa midomo. Kabla ya kumtia akafumba macho na kuinamisha kichwa, na Kinanda akamsemea.

"He-hemm. He-hemm," kizee akakohoa mara mbili. "Mungu uliyetupa kinywa, utupe na cha kutia. Na aliyekosa leo, umkumbuke kabla yetu."

Chura akaingia. Mguu mmoja ukabaki nje, unacheza pembeni mwa mdomo.

Mkwe alitawanya karanga zote. "Mama! Ni wewe huyo! Ni wewe mtupu, mpaka kikohozi!"

"Baba Chiriku, hebu nyamaza," binti alisema, lakini kiganja kilikuwa mdomoni na mabega yalikuwa yanamtikisika.

Bibi hakucheka. Sala ile aliitunga marehemu mume wake mwaka wa kwanza wa ndoa yao, siku ambazo sufuria lilishinda limegeuzwa kifudifudi. Mwenyewe alikuwa na miaka kumi na mmoja kaburini, na mkewe hakuwahi kugusa chakula bila kuisema. Alikohoa kwanza kwa sababu mvuke wa pasi ulimkaa kifuani. Sasa aliiona imepakwa ute wa chura. Ilikuwa kama kukuta mswaki wako unatumika kusugulia choo, na mwenye kusugua anakuchekea.

Chiriku aligeuka mapajani. Hakumtazama bibi machoni, alimtazama mdomo. Akautazama sana. Kisha akateremka polepole, kama anayeshuka mtini, akaenda kukaa kwa baba yake.

Bibi alikuwa dobi. Chumba chake cha mbele kilikuwa na meza ndefu iliyofungwa blanketi, pasi mbili, kopo la wanga, na mashuka ya zahanati yaliyokunjwa marundo marundo. Miaka thelathini alikuwa amefua uchafu wa watu, akajua madoa yote kwa majina: la usaha, la matapishi, la mtu aliyekufa. Mikono yake ilinukia sabuni hata akilala. Watu walimtania kwamba anaweza kuusafisha hata moshi. Na kila siku ya shule, saa saba mchana, Chiriku aliingia chumba kile akiwa tayari anaongea, akala, akakaa chini ya meza na kumhadithia bibi mambo ya darasani mpaka mama yake atoke kazini. Hayo ndiyo yalikuwa masaa bibi aliyoyangojea tangu asubuhi.

Jumatatu aliandaa viazi na supu. Akakohoa mara mbili, akafungua kinywa kusali.

Chiriku akaweka kijiko chini. "Sili."

"Unaumwa?"

"Kina chura."

"Yuko wapi chura hapa? Hiki ni kiazi, hii ni karoti."

"Si kwenye sahani." Mtoto alisogeza kiti nyuma. "Kwenye mdomo wako."

Jumanne hakuingia ndani kabisa. Alikaa kizingitini na mkoba mgongoni, kimya, na ukimya wa mtoto yule ulikuwa kama saa iliyosimama. Jumatano bibi alikosa subira, akamshika kidevu na kumtia kijiko kimoja cha uji. Kimoja tu. Chiriku akautapika wote, pamoja na vya asubuhi, juu ya mashuka ya zahanati yaliyokuwa bado na joto la pasi.

Bibi alisimama akiutazama uji ukifyonzwa na kitambaa cheupe. Maisha yake yote alitapikiwa na wagonjwa asiowajua, hakutia neno. Hili la mjukuu wake lilimshinda. Aliona kinyaa, na kinyaa chenyewe kilikuwa cha mkono wake mwenyewe, ule ulioshika kidevu.

Jioni binti yake alikaa ukingoni mwa meza, akichezea ufunguo.

"Mama, usinielewe vibaya. Nafikiri Chiriku ashinde kwa yule jirani yangu kwanza. Kwa muda tu."

"Muda gani?"

"Mpaka asahau."

"Mtoto hasahau akiwa kwa watu. Anazoea."

"Sasa mama, nifanye nini? Siku tatu hajala mchana! Mwalimu ameniita." Akainuka. "Jumatatu nitampeleka."

Bibi hakubishana. Alijua "kwa muda" inavyokaa: inavua viatu, inaomba mkeka. Akazima pasi, akajitanda, akaenda kwa Kinanda.

Chumba cha Kinanda kilikuwa kimebandikwa trei za mayai kuta zote, eti zimeze mwangwi. Baadhi hazikuwahi kuoshwa, ute wa manjano ulikuwa umekauka ndani yake. Dirishani palikuwa na godoro kuukuu. Kulikuwa na harufu ya usingizi wa mchana na tangawizi iliyotafunwa, na chini ya maiki kulikuwa na kopo ambalo bibi aliliangalia mara moja tu, likamtosha. Kinanda alitema humo kati ya sauti ya mfalme na ya malkia.

"Shangazi! Karibu studio. Kaa hapo kitandani."

"Nitasimama."

"Umesikia watu wanavyoisifia? Kila nyumba wanaiga: he-hemm, he-hemm! Umekuwa maarufu bila jasho."

"Nani alikupa sala ile?"

"Si wewe? Nimekula kwako tangu sina meno."

"Ulikula kwangu," bibi alisema, "halafu ukatema kwenye sahani."

Kinanda akacheka, akaona amecheka peke yake, akaacha. "Shangazi, ni sanaa jamani. Yule kizee anainama, anafumba macho, midomo inacheza kidogo. Nikajiuliza, mtu gani anafanya hivyo kabla ya kula? Ukanijia wewe. Ni heshima hiyo!"

"Heshima yenye mguu wa chura. Iondoe."

"Siwezi. Zimeshasambaa kama mafua. Leo ukiingia nyumba yoyote..." Akanyoosha mikono. "Nisamehe basi. Nikupigie magoti?"

Bibi hakumtaka magotini, hasa karibu na lile kopo. Alisimama akifikiri. Alikuwa mwanamke wa darasa la saba, lakini jicho lake lilikuwa limesoma mbele zaidi: jicho la kuona doa ambalo mwenye nguo halioni.

"Niwekee," alisema. "Ile yenyewe. Bila domo lako."

Kinanda akaguna, akabonyeza. Kizee akatokea tena kwenye kompyuta, tope lilelile, chura yuleyule. Bibi akataka kugeuza uso. Akajikaza, akasogea karibu. Kizee akafumba macho, akainamisha kichwa. Bila maneno ya Kinanda juu yake, uso ule ulikuwa mwingine. Pua ilitanuka. Koo lilipanda na kushuka. Ngozi ya chini ya macho ilikunjamana.

"Simamisha hapo."

Aliutambua uso ule. Aliuvaa mwenyewe miezi minne, kila asubuhi, alipokuwa anafungua bandeji za mumewe na kuchota usaha wa vidonda vya mgongo kwa pamba, yeye mgonjwa akigeukia ukutani kwa aibu. Alikuwa anainamisha kichwa hivyohivyo kabla ya kuanza, asije akatapika mbele yake.

"Kinanda, huyu hasali."

"Anafanya nini?"

"Anaona kinyaa. Anakishinda."

"Sasa kama anaona kinyaa, anamla kwa nini?"

"Umemwona akitafuna?"

Kinanda akakuna kisogo. "Hapo mbele ni kimya tupu, shangazi. Dakika nne hakuna anayesema. Vipande vya namna hiyo mimi hukata. Watu wanataka maneno. Niliruka mpaka pale wale watoto wanapoonekana wazima, nikasema waziri amewahurumia."

"Kile ulichokata unacho?"

"Kipo."

"Kiweke."

Basi wakakitazama. Kizee alifika kwenye korongo lenye daraja la kamba mbili, ya kukanyaga na ya kushika. Mikono yote miwili alihitaji. Akavuka hatua kwa hatua, chura mdomoni, mashavu yametuna, upepo unampeperusha kama kanga kwenye kamba ya kuanikia. Ng'ambo ya pili akainama na kumtema taratibu kwenye nyasi zenye jua. Kisha akatapika. Akajifuta, akarudi kumchukua wa pili. Akarudi kumchukua wa tatu. Na kwenye zile nyasi, mmoja baada ya mwingine, ngozi ya kijani ikapasuka na mtoto akatoka ndani yake, analia.

"Lo," Kinanda alisema kwa sauti yake mwenyewe, ile ambayo watu hawakuisikia mara nyingi. "Na mimi nimemwita mla vyura."

"Umemwita hivyo kwa sala ya marehemu mume wangu."

Kinanda akakirudisha kile kipande mwanzo.

Kesho yake saa saba bibi alimngojea Chiriku langoni mwa shule. Hakumshika mkono. Alitangulia mbele, mtoto akafuata nyuma hatua tatu, mpaka kwa Kinanda. Kopo lilikuwa limetolewa nje. Bibi alikuwa ameagiza hivyo. Kinanda akaweka kile kipande, akafungua mdomo aanze kueleza.

"Wewe nyamaza," bibi alisema.

"Hata kidogo, shangazi? Nimwambie tu kwamba..."

"Kimya."

Ilimtesa. Alikunja vidole vya miguu, akang'ata kola ya shati. Chiriku alisimama mbele ya kompyuta, mikono nyuma. Chura wa kwanza akavuka. Wa pili akavuka. Kizee alipotapika, mtoto akakunja uso.

"Amesikia kichefuchefu," alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza siku ile.

"Amesikia."

"Kwa nini hakumweka mfukoni?"

"Hana mfuko. Angalia gauni lake."

"Angemfunga kwenye kitambaa kichwani."

"Angeanguka."

Chiriku akaangalia mpaka mwisho, akataka kirudiwe, kikarudiwa. Njiani kurudi alitembea hatua mbili nyuma, halafu moja. Walipofika kwenye mlango wa chumba cha mashuka akasimama.

"Bibi. Mimi nikigeuzwa chura, utanibeba mdomoni?"

Bibi alikuwa mcha Mungu, uongo haukukaa kwake hata ule mdogo wa kumfurahisha mtoto. Alimwona chura akilini, akamhisi kwenye ulimi, baridi, anatambaa.

"Nitatapika kwanza," alisema. "Nitatapika sana. Halafu nitakubeba."

"Utatapika hata kama ni mimi?"

"Chura ni chura, mjukuu wangu."

Chiriku akalipima jibu hilo. Likaonekana kumridhisha kuliko kama angeambiwa hapana. Akaingia, akavua mkoba, akakaa mezani. Bibi akapakua viazi. Kikohozi kikamjia akakimeza. Na sala ya mumewe, alipoigusa moyoni, bado iliteleza. Ilihitaji kulowekwa siku nyingi, na pengine doa lile halitatoka. Akasema tu, "Asante, Mungu," akanyamaza.

Chiriku akageuza kila kiazi upande wa pili kwa ncha ya kijiko, akachungulia chini yake. Bibi akageukia pasi, akijifanya hana habari naye. Nyuma yake akasikia kijiko kinagusa meno, kisha kimya kidogo cha kutafuna, kisha sauti yenye mdomo uliojaa:

"Bibi, leo mwalimu wetu amekaa kwenye chaki..."