Zamu ya Juu

Watu walimwita Rula, na jina lilimkaa kama shati la kushonewa. Mbao aliyoipasua yeye ungeweza kuilaza mezani, ukaweka yai juu yake, na yai lisibiringike. Mdogo wake hakubahatika kupewa jina. Yeye alikuwa "mdogo wa Rula" tu, yule wa shimoni.

Kwa asiyeijua kazi yenyewe, gogo hulazwa juu ya shimo, na msumeno wake ni mrefu, una mpini huku na huku. Mmoja husimama juu ya gogo akifuata mstari uliopigwa kwa kamba yenye masizi. Mwenzake husimama shimoni na kuvuta, na kila anapovuta, vumbi la mbao humwagikia usoni. Ndiyo maana wapasuaji wana sheria moja wasiyoiandika popote, nayo ni kupokezana. Gogo hili wewe juu, lijalo wewe chini. Baba yao alipowaachia ule msumeno aliwaachia na hiyo sheria.

Rula aliivunja mapema. Siku mdogo wake alipopanda juu kwa mara ya kwanza, mbao ilitoka imepinda kama mkia wa mbwa, na watu wakapata cha kuchekea msimu mzima. "Huna mkono wa juu, mdogo wangu," Rula alimwambia kwa upole. "Kila mtu na riziki yake." Tangu hapo mdogo akawa wa chini, gogo baada ya gogo, mpaka wote wawili wakaota mvi.

Kuna jambo Rula hakumwambia mtu, hata mkewe. Jioni ya siku ile alikaa na tupa kunoa msumeno, akaona meno ya upande mmoja yametanuka kuliko ya upande wa pili. Na aliyeyatanua asubuhi ni yeye mwenyewe, kwa pupa yake. Kwa msumeno wa namna hiyo hata malaika angepinda. Aliyarekebisha kimyakimya, akatia tupa mfukoni, na kesho yake akapanda juu kama mwenye haki. Mwamba ngoma huivutia kwake.

Sasa macho ya mdogo yalikuwa yanakwisha. Mke wake alimfuata Rula nyumbani asubuhi moja, akasimama mlangoni na ndoo mkononi, hata kukaa hakutaka.

"Shemeji, jana ndugu yako kamimina chai mezani, kikombe kiko pembeni. Zahanati wanasema ni vumbi la mbao, la miaka na miaka. Akiendelea kukaa huko chini, hata hiki kimwanga kilichobaki kitakwenda."

"Pole sana, shemeji."

"Pole sikuja kuitafuta. Nataka na yeye apande juu." Alimkazia macho. "Hivi ninyi kwani hamkuwa mnapokezana?"

Rula akakohoa, akasema kifua kinamsumbua siku hizi. Hakikuwa kinamsumbua hata kidogo, kilichomsumbua kilikuwa ndani zaidi ya kifua.

Wiki hiyo hiyo wakapata kazi nono. Mvule mkubwa ulikuwa umeangushwa na upepo bondeni, mahali trekta lisipoweza kushuka, na fundi wa mapaa aliyekuwa na kibali chake alitaka boriti zipasuliwe palepale. Wakachimba shimo, wakabiringisha gogo kwa miti mpaka likakaa sawa, wakavuta kamba ya masizi, huyu ncha hii na yule ncha ile. Rula aliinyanyua katikati na kuiachia. Mstari ukakaa juu ya gogo, mweusi na safi.

Alipoinua mguu ili apande, mdogo wake akamshika mkono.

"Kaka, leo niache mimi."

"Na macho hayo?"

"Cha mbali ndicho kinachonipotea. Mstari uko hapa miguuni, nikiinama nauona." Akacheka kidogo, cheko la mtu anayeomba. "Ikiharibika nitashuka, na sitakusumbua tena maisha yangu yote."

Angekataaje? Rula akashuka shimoni. Alikuwa hana hata kofia, maana hakuwahi kuihitaji.

Walipoanza, vumbi lilimwingia machoni, puani, kwenye ukosi wa shati. Vumbi la mvule lina ukali wake, huwasha na kuacha uchungu ulimini. Alitema mate, akafumba macho, akafumbua, yakamwagika machozi. Na kazi yenyewe ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Akajiuliza mwenzake aliwezaje kula chakula cha mchana kila siku na mdomo wa namna hii, akipiga na soga.

Lakini si vumbi lililomtisha. Kila alipopata nafasi aliinua uso na kutazama ule mpasuko, na kila alipoutazama ulikuwa umenyooka. Boriti kuharibika asingejali, angemlipa fundi na mambo yakaisha. Alichoogopa ni kwamba haiharibiki. Ikitoka imenyooka, basi macho ya mdogo wake ameyaiba yeye, hakuna jina lingine la kuliita jambo hilo. Akajikuta anaomba kimoyomoyo mbao ipinde. Aliona haya kwa dua hiyo, na bado akaendelea kuiomba.

Juu huko mdogo alikuwa ameanza kuimba chinichini. Rula hakuwahi kumsikia akiimba kazini. Shimoni huwezi kuimba, ukifungua mdomo unakula vumbi.

Ndipo mikono ya Rula ikafanya ilichofanya. Alivuta pembeni, kidogo tu, halafu tena, kwa nguvu. Msumeno ukaguna na kutoka kwenye mstari.

Wimbo ukakatika. Mdogo aliinama, akapitisha kidole juu ya mpasuko polepole mpaka pale ulipoanza kupinda. Kidole kikabaki hapo kwa muda.

"Imetoka," alisema.

Alishuka shimoni bila kunung'unika. Kofia yake kuukuu ilikuwa imetundikwa kwenye mzizi uliochomoza ukutani, akaipapasa, akaivaa, akaivuta mpaka kwenye nyusi. "Basi, Kaka. Nilisema nitashuka. Panda tumalize, jua halitungojei."

Kama angelalamika, Rula angepanda. Angemtukana, angepanda haraka zaidi. Ile kofia ndiyo iliyomshinda.

"Ni mimi," alisema. "Nimevuta pembeni makusudi."

"Najua."

"Unajua?"

"Kaka, ujana wangu wote nimeumalizia chini ya mkono wako. Leo niukosee?" Hakuwa amekasirika, alikuwa amechoka tu. "Nilikuwa nangoja nione kama utasema. Umesema. Yameisha."

Rula aliegemea ukuta wa shimo. Kumbe anajua! Miaka yote anabeba mzigo peke yake, usingizi unamruka, shemeji akipita njiani anainamisha uso, na mwenyewe anajua kila kitu na amekwisha kusamehe. Akalia na kucheka kwa pamoja, vumbi likawa tope mashavuni.

Mdogo akasogea, akavuta upindo wa shati lake, akaanza kumpangusa. "Usisugue macho," alimwambia. "Ukisugua ndiyo unalishindilia ndani. Mimi nimeshalizoea."

"Nisamehe, mdogo wangu. Nisamehe kwa hili la leo, na kwa yale meno ya siku ile."

Mkono wa mdogo ukasimama shavuni pake. Yale macho mekundu yakamtafuta, yakatua pembeni kidogo ya uso wake.

"Meno gani, Kaka?"