Mafungo ya Kisiwani

Mume wangu Ajamu anajua Kiswahili, na Kiswahili chake ndicho kitakachoniua. Alikisoma chuo kikuu hapa hapa Washington kabla hatujakutana, akafaulu vizuri, na tangu hapo hakuna wa kumwambia kitu. Mimi nimezaliwa Dodoma, lakini nikimwambia "nimekumiss" ananiangalia kama nimetema mate mezani. "Flaviana, sema nimekukumbuka." Jamani! Nimerudi kutoka wodini miguu imevimba, niko ndani ya nyumba yangu mwenyewe hapa Bowie, nje kidogo ya Washington, nasahihishwa lugha na Mmarekani wa Baltimore!

Na mama yangu anamuunga mkono. "Mwenzio anaongea kama padre," ananiambia.

Mama alikuja kukaa nasi mwaka jana, baada ya kumzika baba. Alikuja na sanduku moja, hamu ya kula akaiacha huko huko. Ukimwekea wali, anausukuma huku na huku. Nyama ni ngumu, samaki wa huku hawana ladha, ndizi zimeiva mno. Magauni yakaanza kumpwaya. Daktari akapima kila kitu, akasema haoni ugonjwa. Mimi ni nesi, kutwa nzima nalisha wazazi wa watu kwa kijiko, wa kwangu ndiye amenishinda. Unajua inavyoudhi? Inaudhi mpaka unazima gari nje ya nyumba yako, unalia kwanza, ndiyo uingie.

Ndipo Ajamu akaja na wazo. Alikuwa ameona mahali kule Italia, kisiwa kidogo karibu na Venisi, kimya kabisa, bahari imetulia pembeni yake kama maji ya beseni. Kisiwani kuna shamba la mizabibu lililozungushiwa ukuta, vyumba vichache vya wageni, na mpishi wa kusifika anayeleta chakula kidogo kidogo, sahani baada ya sahani, jioni nzima.

"Mama ni mtu wa zabibu," Ajamu akasema. "Akikaa katikati ya mizabibu, atakula."

Na kweli, mama na baba walilima zabibu maisha yao yote, wakawa wanawauzia mapadre wa misheni jirani kwa ajili ya divai. Siku hiyo nilimpenda mume wangu, sina haja ya kuficha. Aliomba amwambie mama yeye mwenyewe, kwa Kiswahili. Alimwambia mimi nikiwa kazini.

Mama akachangamka. Akaanza kuimba nyimbo za kanisani bafuni. Halafu, hata kile kidogo alichokuwa anakula, akakiacha! Asubuhi chai ya rangi bila sukari, mchana hakuna kitu, jioni uji vijiko viwili vitatu. Namsogezea sahani, ananiambia, "Asante mwanangu, nimeshiba." Umeshiba nini, hewa? Safari ilikuwa Ijumaa, na mimi nilikuwa na mtu asiyeweza kubeba hata mkoba wake.

Jumapili, tulipotoka misa ya Kiswahili, nilimwacha mama garini nikaingia duka la Waafrika pale Silver Spring kutafuta mlenda mkavu. Nilikuwa nimefika mwisho wa akili zangu, nikasema labda chakula cha kwao kitamlainisha. Kwenye rafu za unga nikakutana na Jacqueline, Mkongo mmoja anayesali na mama kwenye jumuiya.

"Dada Flaviana, félicitations!" akanikumbatia. "Bwana yako anamupeleka mama ku retraite! Ule bwana mwenye haingiaka mu kanisa! Mungu ni mukubwa!"

"Retraite gani?"

"Ya kule kisiwani. Mafungo! Sisi wote tulimupa maombi yetu abebe. Na vile anafunga juma nzima, ni mama wa nguvu, kweli."

Nikabaki nimeshika pakiti ya mlenda. Mafungo! Hakuna aliyehitaji kunieleza zaidi. Ajamu alitafuta Kiswahili cha 'retreat', mahali pa kujitenga na kupumzika, kamusi ikampa mafungo, naye akalibeba lilivyo. Kamusi haikumwambia kwamba kwetu mafungo ni mambo ya kanisa: unakwenda kwa mapadre, unasali, unakaa kimya, na unafunga. Na kule misheni, mama alikokwenda mafungo kila mwaka, nyumba ya mapadre imezungukwa na nini? Mizabibu! Mahali kimya, mizabibu, mafungo. Mama angeelewa nini kingine?

Garini alikuwa ameshika rozari yake, anatabasamu.

"Nilikuwa nikimwombea mkwe wangu tangu mfunge ndoa," akasema. "Mungu hachelewi."

Niliendesha mpaka nyumbani nimeuma meno.

Nilimkalisha mama mezani, nikaingia jikoni, nikabandika mlenda, nikaanza kusonga ugali na kumwita Ajamu. Nilikusudia kusema kwa sauti ya chini.

"Ulimwambia mama anakwenda mafungo?"

"Ndiyo. Mafungo ni mahali pa utulivu. Nilihakikisha."

"Mafungo ni kufunga! Tunampeleka kula, na yeye anajiandaa kwa kutokula! Halafu anaamini umeongoka!"

Ajamu akavua miwani. "Basi neno sahihi ni lipi?"

"Neno la nini?"

"La kwenda mahali kimya, kupumzika na kula vizuri."

Nikafungua mdomo. Mapumziko? Hayo ni ya wanafunzi kati ya vipindi. Matembezi? Karamu? Nikaona kila ninaloshika linaniponyoka, na hilo likanitia hasira zaidi.

"Usinitoe kwenye mada!" nikamwambia, nikagonga mwiko kwenye sufuria.

Hakubishana. Alikwenda mezani akapiga goti mbele ya mama.

"Mama, naomba radhi. Nilikosea neno. Sikupeleki kusali. Ninakupeleka kula. Huli, Mama, na binti yako hukaa garini akilia kabla ya kuingia ndani."

Sikujua kwamba anajua. Nilisimama mlangoni na mwiko wangu.

Mama akaweka rozari mezani. "Kwa hiyo hujaongoka."

"Bado, Mama."

"Na maombi ya wenzangu nimeshayabeba."

"Huko kuna kanisa. Nitakupeleka mpaka mlangoni."

"Mlangoni tu?"

"Tuanzie mlangoni."

Mama akaguna. Mimi uvumilivu ulikuwa umeniishia. "Mama, nakuomba, acha kufunga! Leo ni Jumapili, hata kanisa halifungi Jumapili!"

Akanigeukia kwa macho yale ya zamani, ya nilipokuwa mtoto nimevunja mtungi.

"Nani amekwambia leo nafunga? Nimekaa hapa tangu tuingie, nasubiri chakula, ninyi mko jikoni mnagombania maneno! Mnataka nife? Nina njaa!"

Nina njaa. Tangu tumzike baba, sikuwahi kumsikia akisema hivyo.

"Tangu baba yako aondoke nilikuwa sili, basi," akaendelea, kwa sauti ya chini kidogo. "Njaa yenyewe sikuwa nayo. Wiki hii nimefunga, nikaanza kuisikia. Sasa leteni chakula. Na huko kisiwani nitakwenda. Mizabibu ya watu nitaitazama nikiwa nimekaa kitini."

Ugali ulikuwa umeungua chini. Tuliuleta hivyo hivyo, na mlenda wa moto. Mama akanawa, akakata tonge kubwa, akachovya, akala. Akasema mlenda hauna karanga. Akakata jingine. Akaomba aongezewe.

Machozi yalikuwa yananitoka, na Ajamu akanisogelea taratibu.

"Flaviana," akanong'ona, "ni 'nina njaa' au 'nasikia njaa'?"

Nikamwambia anyamaze. Mama naye akamwambia anyamaze, mdomo umejaa.